Mbao Zisizofuata Kinanda

Kwa mjukuu wangu mpendwa Mirembe, huko Mbale.

Pokea salamu za Budondo. Mguu wa bibi yako umepona. Waniuliza iwapo toni za embaire, marimba yetu makubwa, ni makosa, kama asemavyo mwalimu wako wa muziki, kwa kuwa hazilingani na ngazi ya sauti ya kinanda.

Ujanani mwangu mwalimu wa kwaya alikuja na tezo, azichonge mbao zetu zifuate kinanda chake. Nikazilalia.

“Ondoka, bwana! Toni zimepinda!”

“Basi unichonge mimi kwanza, mwalimu.”

Watu wakacheka, naye akaondoka na tezo yake. Ubao uliochongwa haurudi ulivyokuwa. Falsafa yangu ya muziki ndiyo hiyo. Mfikishie mwalimu wako haya kwa adabu, wala usipunguze neno.

Ni mimi babu yako, ningali mpigaji.