Okoko Hageuziki

Shuleni, Migori
Jumatano, Juni 1996

Kaka yangu mpendwa Sammy,

Pokea salamu nyingi kutoka huku milimani. Je, kifua cha Mama kimetulia tangu mvua ipungue? Na yale magugu ya ziwani, bado yanafunga njia ya mitumbwi hapo Karungu, au upepo umeyasukuma kwa majirani kama ulivyokuwa ukiomba? Mimi mwili wangu ni mzima, lakini nimo katika shida kubwa, na nataka uisikie kutoka kwangu kabla hujaisikia kwa mtu mwingine. Tafadhali isome barua hii ukiwa peke yako kwanza, kisha umsomee Mama zile sehemu anazoweza kuzivumilia.

Unakumbuka likizo ile tulipopeleka samaki Homa Bay, ukaninunulia atlasi kuukuu isiyo na jalada. Ulinicheka njia nzima kwa sababu nilitembea nikiisoma mpaka nikamkanyaga mbuzi wa watu. Shida yangu ilianzia kwenye atlasi hiyo. Huku nimesoma kila kitabu kilichomo katika kabati la maktaba yetu, hata kile cha ufugaji wa nyuki, na vilipokwisha nikaanza kuandika changu. Ni hadithi ya ufalme ulio chini ya ziwa, walikohamia samaki wote waliotoweka tangu mbuta aje akawamaliza. Niliuchorea ramani yenye milima, masoko na barabara, nikiiga atlasi. Majina niliyapata kwa kugeuza ya samaki, katika mchezo wetu wa wakati wa kuanika omena, ule wa kusoma kila neno kutoka mkiani. Ningu akawa mlinda lango, Ugnin. Fulu wakawa taifa la Uluf. Adui anayezunguka nje ya kuta ni Atubm. Ufalme wenyewe nilimpa okoko, kwa sababu uliniambia kwamba huyo ndiye hageuziki: umsome kutoka kichwani, umsome kutoka mkiani, ni yuleyule.

Wajua mimi si msemaji. Mwalimu akiniuliza swali sauti yangu hukauka. Lakini bwenini wasichana walianza kuniomba niwasomee, na nikisoma sauti haikauki. Aliyependa hadithi kuliko wote ni Nyarangi, anayelala kitanda cha juu yangu. Wengi huku ni Wakuria na Wakisii, samaki wanamjua akiwa amekwisha kaangwa, kwa hiyo majina yangu kwao yalikuwa majina tu. Nyarangi alikuwa akinitania kwamba nikiwa mwandishi mkubwa, nikizunguka dunia, nimwajiri awe mbeba miwani.

Juma lililopita Nyarangi alishikwa na homa darasani. Alianguka akaanza kuweweseka, akimwita Ugnin amfungulie lango. Ilikuwa malaria, na nesi mwenyewe alisema ni malaria. Lakini wewe unasikiliza redio, unajua yanayosemwa siku hizi kuhusu waabudu shetani walioingia mashuleni, na miji yao iliyo chini ya maji. Kufika jioni shule nzima ilikuwa ikilia. Wasichana walibeba magodoro wakahama bweni letu. Mmoja alisema aliwahi kunikuta nikizungumza na ndoo ya maji. Hilo ni kweli, Kaka. Nilikuwa nikijizoeza kusoma shairi.

Jumatatu niliitwa ofisini. Walikuwepo Mwalimu Omwenga, ambaye ni naibu wa mkuu wa shule, mchungaji, na Mzee Maroa, baba yake Nyarangi. Ramani yangu ilikuwa mezani, na mchungaji aliiita ramani ya kuzimu. Nilieleza kwa sauti ndogo kwamba hayo ni majina ya samaki yaliyogeuzwa. Mwalimu Omwenga si mtu mbaya. Alichukua kalamu akafuata herufi moja moja kutoka mwisho, na alipopata ningu, kisha fulu, alianza kutabasamu, akawaambia wenzake kumbe ni kitoweo. Nilidhani nimepona.

Kisha akamfikia mfalme. Alimsoma kinyume akapata okoko. Akarudia, akapata okoko tena. Aliniuliza mbona hili halibadiliki, na nikamjibu kwamba huyo naye ni samaki. Mzee Maroa akasema yeye amekula samaki kutoka Tarime hadi Rongo, na hajawahi kuwekewa okoko sahanini. Ndipo mchungaji akasema, kwa upole kabisa, kwamba yale mengine yalikuwa mavazi tu, na hili ndilo jina lenyewe.

Walimwita Mourine, ambaye mama yake anauza samaki Homa Bay, wakamuuliza kama kuna samaki wa jina hilo. Mourine aliangalia sakafu akasema hamjui. Nilimchukia siku nzima. Sasa nafikiri huenda hakusema uongo. Wewe mwenyewe, mara ya mwisho ulimtoa okoko wavuni lini?

Kaka, nimezunguka sana kwa sababu naogopa kufika hapa. Waliniuliza ni nani aliyenifundisha kusoma maneno kinyume. Walisema nikimtaja nitabaki shuleni mpaka nifanye mtihani, na nisipomtaja nitafukuzwa siku hiyohiyo, na shule nyingine hazitanipokea. Sauti yangu ilikauka kama kawaida, na laiti ingebaki hivyo. Nilikutaja. Nilisema ni Sammy, kaka yangu, wa Karungu.

Jumamosi watakuja hapo nyumbani kuomba na kuchoma watakachokiona kuwa kibaya. Mzee Maroa anakuja na ndugu zake, na hao sidhani wanakuja kuomba. Hata wakiondoka kwa amani, neno litabaki ufuoni. Unakumbuka nyumba ya yule mama jirani yetu ilivyochomwa kwa neno la mtu mmoja tu. Na nani atanunua samaki wako tena? Nakuomba, mchukue Mama mwende kwa Shangazi Phelesia huko Rodi Kopany kabla ya Jumamosi. Kesho nitarudi ofisini kulifuta jina lako. Nikifukuzwa, nitakufuata hukohuko.

Na kama kuna mvuvi yeyote atakayempata okoko, hata mdogo, tafadhali mkaushe umpe Mama Asli. Ndiye mwenye duka anayetuletea mikate, na ndiye anayekuletea barua hii, kwa kuwa barua zangu za posta sasa zinafunguliwa. Usimkate miiba. Nataka Mwalimu Omwenga amguse imchome. Natamani angefika hai, wamsikie anavyolia akishikwa. Wewe ulikuwa ukisema anamwita mama yake, nami nilikuwa nikicheka.

Nisalimie Mama, umwambie namwota. Msalimie Shangazi, na Mungu awafikishe salama.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Caren

Utaona jina langu nimeliandika kutoka mbele. Sithubutu tena lile letu la siku zote, hata kwako.