Saa ya Mbithi na Cheni ya Mutiso

Machakos mjini,
Jumapili baada ya kanisa.

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na mama. Je, kifua kimepoa, au bado unakohoa ukiinama kushona? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na maji ya hapa nimeyazoea ingawa yana chumvi.

Uliniuliza kazi inaendaje. Itaendaje, Baba, kwa mtu kama Mutiso? Huyu mwajiri wangu ana kibanda karibu na stendi, na juu ya mlango ameandika kwamba yeye ni fundi bingwa wa saa. Bingwa huyu hajui saa. Anachojua ni cheni. Ukija na saa nyembamba ya kike, cheni. Ukija na saa ya kutia ufunguo uliyoachiwa na babako, yenye uso uliogeuka rangi ya chai, cheni, tena ile ya dhahabu ya uongo inayonyofoa nywele za mkono. Siku moja alimfungia mwalimu mmoja cheni pana kwenye saa ndogo kama kifungo cha shati, na mwalimu akaondoka ameinua mkono kama anayeapa mahakamani. Watu wa namna hii hawataki kujua ni saa ngapi, wanataka kuonekana wana saa.

Hiyo mikanda anayoita ya ngozi nayo ni karatasi iliyopakwa rangi, ikinyeshewa mara moja inavimba. Nikimwambia kwamba saa ya zamani inataka ngozi nyembamba isiyong'aa, yenye upana unaolingana na saa yenyewe, ananiambia nirudi Kitale nikashone matandiko ya farasi na baba yangu. Farasi na wenye farasi waliondoka zamani, anasema, mimi nimebaki na harufu yao. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Yeye hushinda mlangoni akiwatikisia wapita njia cheni zake.

Sasa nikueleze lililonikaa rohoni. Jumanne ya wiki hii alikuja mzee Nzioka kutoka Kathiani. Macho yake yameingia ukungu, haoni ila mwanga. Alileta saa ya kaka yake Mbithi, dereva wa jeshi aliyekwenda vitani asirudi. Wenzake ndio walioirudisha saa. Mkanda wake wa kitambaa ulikuwa umeoza. Niliishika nikafurahi, Baba. Kila upande ina kijiti cha chuma kilichochomelewa kwenye mwili wenyewe, hakitoki. Saa kama hiyo haivalishwi mkanda wa vipande viwili. Inataka ngozi moja ndefu, ipite kwenye chuma hiki, chini ya tumbo la saa, itokee kwenye chuma cha pili. Ikikatika upande mmoja, saa haianguki. Nilimwahidi mzee nitamkatia ya mbuzi. Alifurahi, akaniambia haioni tena saa ile, huitambua kwa kupapasa vile vyuma viwili.

Mutiso hakutaka kusikia. Ngozi ya mbuzi, alisema, ni ya ngoma. Alimkalisha mzee nje na kikombe cha chai, akachukua msumeno mdogo, akaniambia niishike saa isicheze. Niliishika. Neno hilo nimeliandika polepole ulisome vizuri: niliishika. Akakata chuma cha kwanza, akakata cha pili, akatoboa matundu kwenye ubavu wa saa, akatia cheni yake. Mdomo nilikuwa nao, nikaufunga kwa kuogopa kufukuzwa na mtu ninayemdharau.

Mzee alipopewa saa alipapasa kando, akapapasa tena. Kisha akaniita mimi, si Mutiso.

"Mwanakwa," akasema, ndiyo mwanangu kwa Kikamba, "hii macho yangu hainisaidii. Zile vyuma bado ziko?"

"Ziko, mzee. Zimefunikwa na cheni tu."

Akasema asante. Hakuuliza zaidi, kwa sababu aliyemjibu ni yule aliyemwahidi ngozi. Na juzi Ijumaa alirudi, akiongozwa na binti yake, kuniletea maparachichi ya shambani kwake, ya kunishukuru kwa kumtunzia saa ya ndugu yake. Mutiso alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi niliyabeba nyumbani nikayala na chumvi, yote. Yalikuwa matamu. Sasa nimdharau nani, Baba? Mutiso angalau hajui alichokikata.

Nasikia umewaambia wazee wa kanisa kwamba mwanao amekuwa fundi. Tafadhali, usiwaambie tena kwa sasa.

Mpe mama pole ya mgongo. Dada Nekesa mwambie kitambaa cha sare ya kwaya nimekipata, ila siku nyingine asinieleze rangi kwa maneno, atume kipande cha kitambaa. Mjomba mwenye mizinga ya nyuki msalimie, na shangazi anayekaa naye, hata kama bado hawasemezani.

Kesho Mutiso atafungua kibanda peke yake. Mimi nakwenda Kathiani kumwambia mzee Nzioka ukweli. Barua hii nitaitia posta asubuhi kabla sijapanda gari, nisije nikarudi jioni bila kumwambia, nikakuandikia uongo na wewe.

Mwanao,
Barasa