Propela Iliyopikwa Pamoja na Samaki

Akinyi, nyakwara, mjukuu wangu,

Huku Homa Bay tuko wazima, nyanya yako anakusalimu na ng'ombe amezaa. Umeandika kwamba vipande vyako vya aluminiamu huko chuoni vimebaki laini, ukauliza: chembe ya bati inayochelewesha aluminiamu kukomaa, yaani kuwa ngumu, ina faida gani? Umeuliza mwenyewe! Mimi niliyaona haya kabla profesa wako hajaota meno.

Nilikuwa kijana kule Sori, kando ya ziwa, fundi hodari kuliko wote, uliza yeyote. Babake nyanya yako akaniambia, "Nitengenezee propela ya mashua. Ikipinda, usikanyage hapa tena kumtafuta binti yangu." Nikayeyusha pistoni kuukuu, nikamimina, nikaitumbukiza majini ingali ya moto. Kwa kawaida aluminiamu hiyo hukaa siku chache ikakomaa yenyewe. Hii ilikataa. Kumbe bati ya kulehemu, kidogo kama punje ya mtama, iliingia na vyuma chakavu. Mzee akaikwaruza kwa msumari. "Wee kijana, hii ni propela ama ni ugali?"

Binti yake akacheka. "Kama ni mbichi, si tuipike!" Akaisukuma ndani ya tanuri ya kukaushia samaki wa mbuta. Jioni ikatoka inanuka samaki, lakini msumari uliteleza tu! Bati ileile iliyoichelewesha ikiwa baridi ndiyo iliyoisaidia motoni, ikawa ngumu kuliko zote nilizowahi kumimina.

Kwa hivyo mama, vile vipande vyako laini usivitupe kabla ya kuvipika. Mzee alitaka kunitupa mimi na propela yangu, na kama angefanya hivyo, wewe leo usingekuwepo wa kuniuliza.

Babu yako, fundi bado