Vipande Saba vya Aluminiamu

Schenefeld, Jumapili baada ya ibada

Mpendwa dada yangu Wiebke,

Bwana asifiwe. Sisi hatujambo. Sukumawiki zangu zimepigwa na baridi kali, sasa zimekuwa tamu kama za mama.

Kazini bado nabandika vipande vya aluminiamu kwenye fremu, vyembamba kuliko unywele. Leza hukichoma kipande mpaka kiwe kama tumbo la sayari, moto na uzito pamoja, na papo hapo miale ya eksirei hupita ndani yake. Inavyotawanyika, ndivyo wataalamu wanavyolisoma joto lake. Kipande huteketea mara moja, hakuna kurudia.

Juzi alikuja Daktari Swantje, mtafiti kijana aliyesubiri mwaka mzima apewe siku tano za kutumia mashine hiyo ya miale. Vipande saba vilikaa upande, vipimo vyake vikaharibika.

“Bi Heinke,” akanitania, “ulibandika huku unacheza dansi?”

Nikacheka, nikasema gundi ni mbovu. Mungu anisamehe, gundi ilikuwa nzima. Ameondoka macho mekundu.

Ni mkono wa kulia, dada. Umeanza kutetemeka kama wa mama, ule mwaka alioacha kushona. Sijamwambia mtu, hata mchungaji. Kesho nitamtafuta Swantje nimwambie ukweli, na kazi najua ndiyo basi.

Barua hii nimeirudia mara tatu ili isomeke. Nawe usinipigie simu. Nijibu kwa mkono wako mwenyewe, niuone mwandiko, nijue kama wewe Mungu amekuepusha.

Mdogo wako akuombeaye,
Heinke