Treni ya Bluu Iliyonileta Likasi

Mwanangu Ngalula,

Nakusalimu kutoka Likasi. Joto limelala juu ya mabati na mvua inakataa kunyesha. Nilifika kwa teksi-basi kutoka Lubumbashi, mwekundu kwa vumbi. Dada yangu mkubwa, Yaya Odia, haoni tena. Alinipapasa uso, akaniwekea bukari, ugali wa huku, na samaki, kisha akauliza:

— Ulikuya na ipi? Ile ya bleu ao ile ya manjano?

Sikumwelewa. Binti yake Mado ndiye aliyenieleza. Tangu tulipofukuzwa hapa kwa ajili ya kabila letu, shangazi yako akabaki kwa mumewe, nimekuwa nikimtumia picha ninazopiga za treni za Uingereza, kuanzia zile za dizeli za zamani hadi za umeme za leo. Nilidhani namwonyesha kitu ninachokipenda. Yeye alielewa kwamba hiyo ndiyo treni nitakayorudi nayo. Kila picha ilipofika, alivaa kitenge kizuri akaenda stesheni kuningoja, hadi giza likaingia.

— Ya bleu, Yaya, nikamjibu.

Akapiga makofi.

— Mado, unasikia? Weye ulikuwa unanicheka! Nilibaambia bantu bote, ile ya bleu njo ya nguvu!

Mado akatoka nje.

Keshokutwa naondoka, na kwa umri huu sitarudi tena. Funga koti lako vizuri, mama, uwabusu wajukuu wangu. Na ile picha ya treni nyekundu niliyoiacha mezani ikiwa na stempu, tafadhali usiiposti.

Baba yako