Kaburi la Saba Katika Sauti ya Mama

Mlingotini, Bagamoyo
14 Mei 2024

Mpendwa kaka Shuaibu,

Asalaam aleikum, na shikamoo. U hali gani huko Maskati? Joto mnalivumiliaje? Wifi Mina na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, ila mama mdogo Mwanamvua magoti yanamsumbua. Masika haijakatika, na njia ya Makurunge ni tope tupu.

Kaka, ile kompyuta uliyotuachia imekufa. Humo ndimo ulimohifadhi sauti ya marehemu mama akitaja makaburi ya kwetu shambani, ile alasiri ulipoiacha kompyuta ikirekodi ukaenda msikitini. Hatukuwahi kuisikiliza mpaka mwisho. Basi wapima ardhi walitupa wiki mbili tuyaonyeshe makaburi yote, la sivyo barabara mpya ingepita juu yake. Nilipoifungua ile sauti, mama alifika kaburi la sita, kompyuta ikaganda. Ndani ikawa inagonga, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi.

Nikaipeleka mjini kwa Hamidu, fundi kompyuta. Akaniambia diski ina sehemu mbovu, yaani mahali palipokufa, hapasomeki tena.

"Dada Rukaya, usiiwashe tena. Kila ukiiwasha unaimaliza," alisema.

Akanakili kwanza yote yaliyo mazima kwenye diski mpya, kisha akarudi pale palipokufa, akajaribu kidogo kidogo, siku tatu.

Siku ya tatu, adhuhuri, alinipigia simu. Nikaenda na mama mdogo. Maneno machache yalikuwa yametoka. Tukamsikia mama, kwa kukatikakatika: "La saba... Lulu wangu... nyuma ya mkorosho ulioinama... Lulu..."

Mimi simjui Lulu yeyote. Niligeuka kumwuliza mama mdogo, nikamkuta ameshika ukuta.

"Ni dada yenu," alisema. "Alizaliwa kabla ya Shuaibu, akaishi miaka minne. Mama yenu aliniapisha nisimtaje. Tangu tumzike, sikumsikia tena mama yenu akilitaja jina lile."

Kesho yake tukaenda shambani. Nyuma ya mkorosho, chini ya majani makavu, tulikuta mawe ya matumbawe yamezunguka kijituta kifupi, na kibakuli kilichopasuka kichwani pake. Tukasoma Yasini. Mama mdogo alilia mpaka sauti ikamkauka. Wapima walipokuja wakapiga vigingi kuzunguka makaburi yote saba, na barabara itapita kando.

Liko jambo sijamwambia mama mdogo. Siku ile pale dukani, Hamidu aliniita pembeni akanivalisha spika za masikioni, nisikie kipande alichokizuia mama mdogo asikisikie. Mama anapoita "Lulu" mara ya mwisho, kuna kimya kidogo. Halafu mtoto wa kike anaitika, karibu kabisa na kinasa sauti: "Abee, mama."

Hapo diski ile ya zamani ikasimama, haikuzunguka tena. Nilimwuliza Hamidu kama ni ule ubovu. Akatikisa kichwa. Alisema sehemu mbovu humeza sauti, huikwaruza, lakini haiongezi neno.

Basi kaka yangu, nijibu hili tu, wala usinifiche: alasiri ile ulipokwenda msikitini, ulimwacha mama chumbani na nani?

Nisalimie Mina na watoto, mmoja mmoja kwa jina lake. Mama mdogo anakusalimu sana, na mume wangu Mrisho pia. Mola akulinde ugenini, akurudishe kwetu ukiwa na afya yako.

Mdogo wako akupendaye na akuombeaye,
Rukaya