Waranti ya Miaka Saba na Ngazi ya Orval

Dada Verla,

Nakuandikia kwenye safu yako ya ushauri nikiwa kwenye pikapu, vioo nimevipandisha, maana ndani ya trela yupo mume wangu na jambo lenyewe linamhusu yeye, na nikichelewa mpaka Jumamosi nitakuwa nimeshatia sahihi na sitakuwa na la kukuuliza tena.

Mimi na Orval tuliuza nyumba yetu ya Indiana mwaka aliostaafu udereva wa basi la shule, tukanunua trela ya kuishi, yenye kitanda na jiko, inayovutwa na hii pikapu, na tangu hapo hiyo ndiyo nyumba, kiangazi tuko Michigan kando ya ziwa, majira ya baridi tuko hapa Yuma na wazee wenzetu wanaokimbia theluji, na sijajuta hata siku moja, kwa sababu mume niliyepewa, dada, si wa kawaida. Hatuondoki mahali kabla hajaizunguka trela nzima akigusa kila tairi kwa mgongo wa mkono, kama alivyokuwa akiligusa basi kabla ya kwenda kuchukua watoto wa watu, halafu ananiambia, "Haya mama, nyumba inaweza kwenda." Beringi za magurudumu anazitia grisi mwenyewe, friji ilipotufia njiani Nebraska aliifufua kwenye maegesho ya duka huku mimi namshikia tochi, na kila masika hupanda paani na gundi yake akapitia kila ungio na kila tundu la hewa, akashuka magoti yamechubuka na uso umejaa furaha. Tena tukifika kambini, kwenye viwanja vya kuegesha matrela, na watu wakatoa viti vyao vya kukunja kuja kutazama nani atagonga mti akirudi nyuma, maana hiyo ndiyo sinema yetu huku, sisi huwa tunawanyima raha, mimi nasimama nyuma upande wake nimeinua mkono, yeye ananitazama kwenye kioo cha pembeni, na sharti letu ni moja tu, asiponiona anasimama. Trela inaingia mara moja na wenye viti wanarudi kwao.

Sasa mwezi uliopita nilikuwa naosha vyombo nikamwona kupitia dirishani, yuko katikati ya ngazi, ameishika kwa mikono miwili, hapandi wala hashuki, na macho ameyafumba. Nikafunga bomba ili asijue nipo. Alikaa vile mpaka nikaanza kuomba Mungu. Alipoingia ndani akasema, "Paa liko safi, mama, mwaka huu halidai kitu." Paa lenyewe hakulifikia. Na mimi nikamjibu, "Afadhali, njoo unywe kahawa." Baadaye ikanyesha mvua, na hapa mvua si jambo la kila wiki, asubuhi nikaona doa la kahawia darini juu ya mto wangu, nikamwonyesha, akasema ni kiyoyozi cha paani kinatoa jasho. Dada Verla, Orval hajawahi kunidanganya tangu tuoane, na kiyoyozi hatujakiwasha tangu Oktoba.

Basi kukawa na maonyesho ya matrela mjini, nikaenda, nikakutana na muuzaji mmoja mwenye tai ya kamba na maneno matamu, akaniambia waranti yetu ya kiwandani, ile ahadi ya kututengenezea bure, inakwisha mwezi huu lakini ipo ya nyongeza, ya miaka saba. "Mama," akaniambia, "hii inashika kila kitu, bampa hadi bampa. Mzee akae kivulini anywe maji ya limau, kazi atuachie sisi." Nilitaka kulia pale pale, maana hicho ndicho ninachokitaka mimi, Orval akae kivulini asipande tena. Fomu ilipouliza anwani ya makazi ya kudumu nikakwama, akasema, "Andika ya ndugu yeyote, usijisumbue," nikaandika ya dada yangu wa Goshen. Sahihi ni Jumamosi. Fedha ninazo, zimetokana na mablanketi ya viraka ninayoshona na kuuza kambini.

Nilimdokezea jirani yetu Gaylen, ya ngazi sikuyataja, akacheka mpaka akakohoa. "Twila, jua limekupiga? Waranti yenu si Orval? Kambi nzima hii waranti yetu ni Orval." Na ni kweli, hakuna pampu wala jeki hapa ambayo mkono wake haujapita, na ndiyo sababu siwezi kumwambia. Nikiiweka hiyo karatasi mezani mbele yake nitakuwa nimemwambia, mzee, umekwisha. Juzi juzi Januari nilipopanda kutundua taa za Krismasi alinishikia ngazi akanitania, "Mama, wewe unapanda kama paka, mimi siku hizi napanda kama friji," tukacheka wote wawili, lakini yeye aliacha kucheka kabla yangu. Nafikiria nitie sahihi kimya kimya, kisha nimwambie tumeshinda waranti kwenye bahati nasibu ya maonyesho. Je, nikifanya hivyo nitakuwa nimemlinda au nimemsaliti?

Twila, Yuma, Arizona

*

Twila,

Usitie sahihi. Hilo tulimalize kwanza, kisha nikugombeze kwa nafasi.

Umeniambia kwamba tangu muuze nyumba ya Indiana, trela ndiyo nyumba. Halafu kwenye fomu umeandika anwani ya Goshen. Hukujiuliza kwa nini yule bwana wa tai hakutaka kujua unalala wapi? Nimeishi ndani ya trela na marehemu mume wangu na nimeisoma mikataba hii mpaka macho yakauma. Mingi inasema wazi, kule kurasa za nyuma ambako hakuna picha, kwamba mtu anayeishi humo mwaka mzima hana cha kudai. Siku friji ikifa watamtuma mkaguzi, naye atakuta picha za wajukuu ukutani, cherehani mezani, na jirani anayecheka mpaka anakohoa atamwambia, "Hawa? Hawa wanaishi humu siku zote." Utakuwa umelipa, umedanganya, na maziwa yamechacha.

Tuje kwenye paa. Bampa hadi bampa ni maneno ya mdomo, Twila. Bampa moja iko mbele na nyingine iko nyuma, doa lako liko juu. Maji yanayopenya kwenye maungio ya paa, karibu kila mkataba niliousoma unayakataa, na hata yale mengine ambayo mkataba unakubali kuyalipia, unakutaka uthibitishe kwamba trela ilikuwa ikitunzwa. Yaani ungelipa miaka saba, na bado mtu angetakiwa kupanda ngazi kila masika. Ulichokwenda kununua kwenye yale maonyesho hakikuwa kinauzwa pale.

Sisemi waranti zote ni wizi. Mwenye trela iliyojaa mota, asiyejua nati wala bolti, na mwenye nyumba ya kurudi msimu ukiisha, anunue alale usingizi wake. Zipo pia zilizoandikwa kwa watu kama ninyi. Ukiitaka moja, omba mkataba mzima na si kipeperushi, uandike unapoishi kweli, uusome Orval akiwa ubavuni mwako.

Na sasa huyo Orval. Barua yako imenifanya nimpende mtu nisiyemjua. Anayegusa kila tairi kwa ajili ya watoto wa wengine, na akistaafu akaendelea kuzigusa kwa ajili ya mkewe, huyo ni mwanamume wa kujivunia, na wewe una haki ya kujivuna mpaka jirani achoke kukusikiliza. Wewe pia nakuvulia kofia. Miaka yote hiyo kurudisha trela nyuma na bado mnapendana? Mimi na wangu tulikuwa hatusemeshani mpaka kesho yake.

Lakini tazama mnachofanya. Yeye anasema paa liko safi, wewe unasema kahawa. Yeye anasema kiyoyozi, wewe unaandaa bahati nasibu. Mnadanganyana kwa upole kabisa, na maji yanaendelea kushuka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na trela nayo hufa kwa maji. Mumeo alikuwa akisimama kila alipokupoteza kwenye kioo, maana hakutaka kukuumiza. Leo umetoka kwenye kioo kwa makusudi, unataka aendelee kurudi nyuma.

Ulifunga bomba ili asijue umemwona. Nakuelewa, na ningefanya hivyo hivyo, lakini ulikosea. Kaa naye leo, si Jumamosi. Mwambie, "Mzee, nilikuona kwenye ngazi. Na kiyoyozi hatujakiwasha." Kisha nyamaza. Atanuna, ana haki ya kununa kidogo, mpikie na usimbembeleze. Akimaliza kununa umpeleke kwa daktari, maana mtu aliyefumba macho katikati ya ngazi huenda ana kizunguzungu, na kizunguzungu kina sababu. Wiki hii hii mwite mmoja wa wale mafundi wanaozunguka makambini, alizibe hilo tundu na aangalie kama mbao za dari zimelowa. Malipo yake? Zile fedha za mablanketi. Zitakazobaki ziweke kando kwa ajili ya friji itakapokufa tena, hiyo ndiyo waranti yenu, na haina kurasa za nyuma.

Masika ikifika, panda wewe. Usinitolee macho. Wewe ndiye uliyepanda kutundua taa za Krismasi. Paka na friji, Twila, ulidhani ni utani? Yule mtu alikuwa anakuomba, kwa namna pekee ambayo dereva mstaafu wa Indiana anaweza kuomba, na wewe ukacheka.

Vaa viatu vya mpira, ukiwa juu tembea kwa magoti, na fundi akuthibitishie kwanza kwamba paa linabeba mtu. Orval mwekee kiti chake cha kukunja chini, mahali ambapo unaweza kumwona. Yeye anajua kila ungio na kila tundu la hewa, atakuelekeza. Gaylen na wenzake wakija na viti vyao kutazama, waacheni watazame. Orval akiinua mkono, simama.

Usipomwona, simama.

Verla